Sura ya Nne: Mchwa Katika Ukoo wa Mende

Mchwa ni mende. Sisemi kwamba anafanana na mende, wala kwamba wote wawili ni waharibifu wa mali za watu. Ninasema kwamba ukoo wa mchwa ulichipuka ndani ya ukoo wa mende, na kwamba wapo mende wa msituni walio karibu zaidi na mchwa kwa undugu kuliko walivyo karibu na mende wa jikoni. Kauli hii inapingana na macho. Mtu anayebomoa kichuguu huona umati wa wadudu wadogo wasio na mabawa, wengine askari, wengine wabeba mizigo, na malkia mmoja chumbani mwake, na hapo hapo fikra zake huenda kwa chungu na siafu. Katika sura hii nitatetea jambo moja: mtindo wa maisha wa mdudu ni shahidi dhaifu wa ukoo wake, na uchunguzi wa kweli huanzia kwenye namna anavyokua, tangu yai hadi ukubwani. Nimemchagua mchwa kwa sababu yeye hudanganya kuliko wengi, kwa sababu ushahidi juu yake umekusanywa kwa vizazi kadhaa vya wataalamu, na kwa sababu gharama ya kumkosea huonekana kwenye paa la nyumba na kwenye shina la muhindi.

Macho yamewaponza hata wale waliofanya kutazama kuwa kazi yao. Mwaka 1758 Carl Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, alitoa toleo la kumi la kitabu chake Systema Naturae na kuwagawa wadudu katika makundi makuu saba aliyoyaita oda. Kipimo chake kilikuwa mabawa: yako mangapi, yamejengwa vipi, yamefunikwa na nini. Kipimo hicho kilikuwa na nguvu, na ndiyo maana majina kadhaa aliyotoa, kama Coleoptera kwa mbawakawa na Lepidoptera kwa vipepeo na nondo, yangali yanatumika leo. Lakini oda ya saba aliiita Aptera, wasio na mabawa, na humo akawarundika chawa, viroboto, buibui, nge, tandu, kaa na mchwa. Mende alimweka mbali kabisa, pamoja na mbawakawa, kwa kuwa mabawa yake ya mbele ni mazito kuliko ya nyuma. Ilisahauliwa kwamba mchwa wana mabawa, ila ni wachache kati yao wanaoyapata, tena kwa saa chache tu za mvua za kwanza, wanapotoka kama kumbikumbi. Buibui na nge wana miguu minane na si wadudu hata kidogo. Kosa halikuwa uzembe. Lilitokana na kuchukua sura ya mnyama katika siku moja ya maisha yake na kuifanya ndiyo asili yake.

Mdudu ana mifupa nje ya mwili, maana gamba lake gumu ndilo linaloshikilia misuli. Gamba hilo halitanuki sana, kwa hiyo hawezi kukua bila kulivua na kutengeneza jingine, na uvuaji huo umefuata njia kuu mbili. Katika njia ya kwanza, anayetoka kwenye yai ni tunutu, mdogo anayefanana na wazazi wake kwa umbo la jumla, na kila anapojivua vijimabawa vyake hurefuka kwa nje, juu ya mgongo, hadi siku anapokuwa mzima. Hivyo ndivyo wanavyokua panzi, nzige na senene, kunguni, vunjajungu na mende. Kereng'ende naye yumo, ingawa tunutu wake huishi majini na haonekani sana kama mzazi. Katika njia ya pili, yai hutoa buu au kiwavi asiye na dalili yoyote ya bawa kwa nje. Huyo hula na kunenepa, kisha huingia hatua ya pupa, ambamo sehemu kubwa ya mwili wa zamani huvunjwavunjwa na mwili mpya kujengwa. Zaidi ya spishi nane katika kila kumi za wadudu waliokwisha kuelezwa hukua kwa njia hii ya pili, na wengi wao wamo katika oda nne tu. Mbawakawa, wenye spishi zaidi ya 350,000, hutambulika kwa mabawa ya mbele yaliyogeuka kuwa vifuniko vigumu vinavyokutana kwa mstari ulionyooka mgongoni. Fukusi wa mahindi na dumuzi wa maghalani wamo humo. Vipepeo na nondo wana vigamba vidogo mabawani vinavyoacha unga kwenye vidole. Nzi na mbu wana mabawa mawili tu, na mahali pa jozi ya nyuma pana vijirungu viwili vya kuwasaidia kudumisha mizani wanaporuka. Nyuki, nyigu na chungu wana mabawa manne ya utando, ya nyuma yakishikana na ya mbele kwa vilabu vidogo sana, na wengi wao wamebanwa kiunoni. Ndani ya kila oda wapo wenye mwendo wao wa pekee. Mbung'o jike, kwa mfano, hatagi mayai bali hulea buu mmoja mmoja tumboni kwa maziwa ya mwili wake, na buu huyo akizaliwa huchimba udongoni na kuwa pupa mara moja. Hata hivyo pupa ipo, na mabawa ni mawili.

Kwa kipimo hicho, mchwa na siafu hutengana mapema sana. Katika kiota cha siafu au chungu wowote kuna mabuu meupe yasiyo na miguu, yasiyoweza kujilisha, yanayobebwa na kulishwa na dada zao, na kuna pupa. Wanaofanya kazi zote ni wazima waliomaliza kukua, na wote ni majike. Dume wa chungu hutoka kwenye yai lisilorutubishwa, hupanda mara moja, hufa, na kuanzia hapo malkia huishi na mbegu alizohifadhi mwilini. Ndani ya kichuguu mambo ni mengine. Hakuna buu asiye na miguu na hakuna pupa. Anayeanguliwa ana miguu sita na umbo la mchwa tangu siku ya kwanza. Wafanyakazi na askari huweza kuwa wa kike au wa kiume kufuatana na spishi, na wote ni viumbe ambao ukuaji wao umesimamishwa kabla ya kufika ukubwani. Mfalme hafi baada ya harusi; hubaki chumbani kando ya malkia na kumpanda tena na tena kwa miaka. Kwa maneno mengine, jamii ya chungu hujengwa na wazima, na jamii ya mchwa hujengwa na watoto. Mtu asiye na hadubini anaweza kulithibitisha hili usiku wa mvua, kwa wadudu wanaoangukia chini ya taa. Kumbikumbi ana mabawa manne yanayolingana, marefu kuliko mwili, yanayokatika kwa urahisi penye mstari maalumu karibu na bega. Vipapasio vyake vimenyooka kama tasbihi, na kifua chake kimeungana na tumbo bila kiuno. Dume wa siafu, yule mkubwa mwenye tumbo refu la rangi ya kahawia, ana mabawa ya mbele makubwa kuliko ya nyuma, vipapasio vilivyokunjwa kama kiwiko, na kiuno.

Msomaji makini atanizuia hapa, na ana haki. Atasema kwamba ukuaji usio na pupa umemtoa mchwa kwa chungu tu, haujampeleka kwa mende. Panzi naye hana pupa, kunguni hana pupa. Mbona hatusemi mchwa ni panzi? Pingamizi hili linagusa kanuni yenyewe ya kupanga viumbe. Kukua bila pupa ndiyo desturi ya zamani zaidi, iliyokuwapo kabla ya pupa kutokea, na kubaki na desturi ya mababu wa wote hakuthibitishi kwamba wawili ni ndugu wa karibu. Undugu wa karibu huonyeshwa na jambo jipya lililozuka kwa babu mmoja na kurithiwa na uzao wake peke yake. Pupa ni jambo jipya la aina hiyo, na ndiyo maana inawafunga mbawakawa, vipepeo, nzi na nyuki katika tawi moja. Kukosa pupa hakumfungi yeyote. Kuna na jambo la pili la kuliweka wazi: nzi weupe wanaofyonza majani ya mihogo na nyanya, pamoja na vithiripi wa maua na vitunguu, hupitia hatua ya kutulia inayofanana sana na pupa, ingawa midomo yao na viungo vyao vingine vinawaweka katika njia ya kwanza. Kwa hiyo ukuaji ni mlango, na ndani ya mlango kuna vyumba. Unatueleza upande gani wa kutafuta, kisha inabidi tutafute huko jambo jipya ambalo mchwa na mende wanalo na panzi hana.

Jambo hilo lilipatikana mahali ambapo wachache wangependa kuchungulia, yaani kwenye utumbo. Mchwa wengi hula mbao, na mbao ni selulosi, chakula ambacho karibu hakuna mnyama anayeweza kukivunja vya kutosha kwa nguvu zake mwenyewe. Katika miaka ya 1920 Mmarekani Lemuel Roscoe Cleveland alionyesha kwamba mchwa wa mbao hubeba kwenye utumbo wa nyuma umati wa protozoa wanaowafanyia kazi hiyo. Aliwaua protozoa hao kwa joto na kwa oksijeni huku mchwa wenyewe wakibaki hai. Mchwa waliendelea kutafuna mbao kama kawaida, lakini baada ya muda wakafa kwa njaa. Waliporudishiwa protozoa, waliishi. Kisha mwaka 1934 Cleveland na wenzake walitoa kitabu kikubwa juu ya mende aitwaye Cryptocercus, mende asiye na mabawa anayeishi ndani ya magogo yanayooza katika milima ya Appalachia, Marekani, ambaye jamaa zake wa karibu wako pia mashariki ya Asia. Huyu naye anakula mbao, na utumboni mwake wamo protozoa wa makundi yale yale ya mchwa wa mbao, ambayo ni nadra kabisa kuyapata kwa mnyama mwingine yeyote.

Ugunduzi huo unastahili kukaliwa, kwa sababu haukuishia kwenye kufanana kwa wageni wa tumboni. Mdudu anapojivua gamba huvua pia ngozi inayofunika utumbo wa nyuma kwa ndani, na kwa mchwa protozoa hutoka pamoja nayo. Mchwa aliyejivua amepoteza viwanda vyake vya chakula. Njia pekee ya kuvipata tena ni kunyonya majimaji kutoka sehemu ya nyuma ya mwenzake ambaye bado anavyo. Mtoto anayeanguliwa yuko katika hali hiyo hiyo, na mende Cryptocercus humlisha mtoto wake kwa njia hiyo hiyo. Dume na jike wa mende huyu hukaa pamoja ndani ya gogo, huzaa kundi moja la watoto, na kulilea kwa miaka kadhaa. Mdudu ambaye hawezi kuishi peke yake baada ya kuzaliwa amefungwa kwenye familia, na hapo tunaona hatua ya kwanza ya barabara inayoelekea kichuguuni: baba na mama wanaodumu pamoja, watoto wanaobaki nyumbani, chakula kinachopita toka mwili hadi mwili. Kinachofuata ni watoto wakubwa kuanza kuwalisha wadogo badala ya wazazi kufanya hivyo. Ndiyo maana mfalme wa mchwa yungali hai chumbani, na ndiyo maana wafanyakazi ni watoto wa jinsia zote. Chungu walifika kwenye maisha ya jamii kwa barabara nyingine, wakitokea kwa nyigu, ambao jike mmoja huwinda na kuwalisha mabuu yasiyojiweza. Hapo dume hakuwa na kazi ya malezi, wala hakupewa baadaye.

Ushahidi mwingine unakubaliana na huu. Kaskazini mwa Australia yuko mchwa aitwaye Mastotermes darwiniensis, wa mwisho wa familia yake, ambaye amehifadhi mambo mengi ya kale. Mayai yake hutagwa yameshikamana kwa safu mbili, kwa mtindo unaofanana na kile kifuko cha mayai tunachokikuta nyuma ya kabati, na bawa lake la nyuma lina upanuzi kama wa bawa la mende. Ndani ya mafuta ya mwili wake wanaishi bakteria ambao karibu kila mende anao na ambao mama huwarithisha wanawe kupitia mayai. Mchwa wengine wamewapoteza, yeye amebaki nao. Kiunzi kidogo kilicho ndani ya kichwa cha mende kina tundu katikati, na tundu hilo linaonekana pia kwa mchwa na kwa vunjajungu, ambaye ni binamu wa wote wawili. Mwaka 2007 Daegan Inward, George Beccaloni na Paul Eggleton wa jumba la makumbusho ya viumbe la London walilinganisha DNA ya mende, mchwa na vunjajungu wengi, na mti wa ukoo waliouchora uliwaweka mchwa katikati ya matawi ya mende, jirani yao wa karibu akiwa Cryptocercus. Wakapendekeza oda ya mchwa, Isoptera, ifutwe.

Wenzao hawakunyamaza. Mwaka huo huo kundi la wataalamu lilijibu katika jarida lile lile likitaka jina Isoptera lihifadhiwe. Hawakupinga undugu wenyewe. Hoja yao ilikuwa kwamba jina lililotumika kwa vizazi, na kujaa katika vitabu na sheria za kilimo, lisitupwe ovyo. Naona hoja hiyo ina uzito, na suluhisho lililopatikana linaitendea haki: jina limebaki, ila sasa linataja tawi lililo ndani ya oda ya mende, ambayo ni Blattodea. Nisichokubali ni wazo kwamba tungeweza kuwaacha mchwa na oda yao kwa sababu tu ni tofauti mno. Tukifanya hivyo, itabidi tuseme Cryptocercus ni mende pamoja na yule wa jikoni lakini si pamoja na mchwa, huku kila ushahidi ukisema kinyume. Mpangilio wa aina hiyo ungetunza mazoea yetu na kupotosha historia.

Pingamizi gumu zaidi linatoka kwenye vichuguu vyetu wenyewe. Mchwa wajenzi wa vichuguu vikubwa vya Afrika Mashariki, wa jenasi Macrotermes, hawana protozoa wale. Wao hulima. Ndani ya kichuguu huweka masega yaliyotengenezwa kwa majani na mbao zilizotafunwa, na juu yake hukuza kuvu wa jenasi Termitomyces, ambaye huwalainishia chakula. Mvua ikinyesha, kuvu huyo ndiye anayechipuza uyoga mtamu ambao watu huuchuma kwenye vichuguu. Je, ikiwa mchwa tunaowajua zaidi hawana ushahidi wa utumboni, hoja nzima haiporomoki? Haiporomoki, kwa sababu ukoo husomwa toka shinani. Familia za mchwa zilizotengana mapema na nyingine, wakiwemo mchwa wa mbao kavu wanaotafuna samani katika miji ya pwani, wote wana protozoa. Familia kubwa ya Macrotermes imekaa kwenye tawi la mwisho, na iliwapoteza protozoa ilipopata washirika wapya, kama viroboto walivyopoteza mabawa bila kuacha kuwa na pupa. Ulimaji wa kuvu ni sura ya karibuni katika historia ndefu. Mchwa wenyewe wana visukuku vya takribani miaka milioni 130.

Wako watakaoipinga hoja hii kwa sababu ya kinyaa, na sitaki kuwapuuza, maana kumbikumbi ni chakula cha heshima katika nyumba nyingi, wakikaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo. Kusikia kwamba ni jamaa ya mende kunaweza kumfunga mtu kinywa. Lakini kinyaa chetu kinawahusu mende wachache sana. Katika spishi zaidi ya 4,500 za mende, zipatazo 30 tu ndizo zilizozoea makazi ya watu. Zilizobaki ziko misituni, chini ya majani makavu, ndani ya magogo na kwenye maua, zikila uozo na kuurudisha udongoni, kazi ile ile anayoifanya mchwa kwa ukubwa zaidi. Aliyechafuka ni mende wa chooni, na amechafuliwa na choo.

Mwisho kuna mkulima na mwenye nyumba, ambao huuliza swali la haki: undugu huu utaniokolea boriti? Utaiokoa, na njia yake inapita pale pale tulipoanzia, kwenye kujivua gamba. Kuanzia miaka ya 1990 zimeuzwa dawa za chambo zinazozuia mwili wa mdudu kutengeneza gamba jipya, hexaflumuron ikiwa mojawapo. Dawa hiyo haiui siku ya kwanza. Mfanyakazi wa mchwa wa mbao huila, huipeleka kwa wenzake kwa ule ulishanaji wa mwili kwa mwili aliourithi, na kila mmoja hufa siku anapojaribu kujivua. Inafanya kazi kwa sababu mfanyakazi huyo hajamaliza kukua. Mende nao huuawa kwa dawa za jamii hiyo hiyo, wakiwa bado tunutu. Ukiwapa chungu chambo hicho hicho, wafanyakazi wao hawatadhurika, maana ni wazima na hawatajivua tena; kitakachoathirika ni mabuu yao tu, na kundi litaendelea kutembea ukutani kwa muda mrefu. Kwa Macrotermes na kuvu wao matokeo hayatabiriki kirahisi hivyo, kwa kuwa chambo hizo zilibuniwa kwa ajili ya mchwa wa chini ya ardhi wanaokula mbao moja kwa moja, kama Coptotermes. Anayetaka kulinda boriti yake aanze basi na wadudu watano au sita kutoka kwenye njia ya udongo iliyopanda ukutani, awatazame kiuno na vipapasio, kisha ndipo aende dukani.